KOCHA HANA KURA: MWANZA TUACHE KELELE, TUSHIKE KADI



Timu ikifungwa Jumapili, Jumatatu asubuhi mji wa Mwanza huwa na walimu wa mpira wengi kuliko wachezaji. Mwaloni Kirumba, kabla dagaa hawajapimwa, hukumu imekwisha kutolewa. Makoroboi, wauza nguo wamekwisha kupanga kikosi kipya. Katika daladala za Igoma na Buzuruga, kondakta na abiria wamekwisha kumfukuza kocha mara tatu kabla ya gari kufika mjini.

Maswali yao twayajua. Kwa nini tulicheza nyumbani na mshambuliaji mmoja, kana kwamba tulikuwa wageni? Kwa nini winga aliyekuwa anawasumbua mabeki akatolewa, akaingia mtu wa kulinda? Kwa nini mabadiliko yalingoja dakika ya 80, wakati hata mtoto aliyekaa juu ya ukuta alikwisha kuona kwamba kiungo kimechoka? Kwa nini golikipa anabutua mipira mirefu kwa washambuliaji wafupi?

Ni maswali mazuri. Sisemi yaachwe. Mwananchi aliyelipa kiingilio ana haki ya kuuliza, na watu wa Kanda ya Ziwa wanaujua mpira. Ninalopinga ni hili: maswali yetu yote huanzia kwa kocha na kuishia kwa kocha. Hatuulizi nani alimwajiri, kwa fedha gani, kwa mpango wa miaka mingapi, na nani ana haki ya kumwondoa. Tunapigana na mwajiriwa, na mwenye shamba tunampita bila hata kumsalimu.

Hebu tutazame mambo yaliyotokea, maana Chama kimetufundisha kuanza na ukweli.

Pamba, TP Lindanda, Wana Kawekamo, ilishuka kutoka Ligi Kuu ikakaa nje miaka 23. Miaka 23! Aliyezaliwa timu iliposhuka alikuwa na umri wa kuoa iliporudi mwaka 2024. Iliporudi ilikuwa mikononi mwa Halmashauri ya Jiji la Mwanza, ikaitwa Pamba Jiji. Mji ukafurahi. Akaletwa Goran Kopunović, Mserbia aliyewahi kuifundisha Simba. Msimu ukaanza, ushindi haukuonekana. Ilipofika Oktoba 2024 akaondolewa, timu ikiwa haijashinda hata mchezo mmoja wa ligi. Akaja Fred Felix Minziro, mwalimu wetu wa hapa nchini, na timu ikabaki Ligi Kuu. Kisha msimu wa 2025/26 ukaanza na mwalimu wa tatu, Francis Baraza kutoka Kenya.

Hapo mabwana wa kijiweni watasema, “Waona? Kocha alifukuzwa, timu ikapona!” Nakubali. Yawezekana kabisa kwamba uamuzi wa Oktoba ulikuwa sahihi. Lakini nawauliza, ndugu zangu: ni nani kati yenu aliyeupiga kura? Nani aliulizwa? Uamuzi ulipofaa, hamkuwamo. Siku uamuzi utakapokuwa mbaya, hamtakuwamo vile vile. Mtu asiye na sauti katika jambo jema hawezi kuwa na sauti katika jambo baya. Atabaki na koo lake tu.

Kama Pamba peke yake haitoshi kuwa ushahidi, tazameni jirani zake.

Toto Africans ilishuka mwaka 2017. Mwaka huo huo Mbao FC iliutikisa mpira wa nchi nzima. Iliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, hapa hapa Kirumba, ikaenda kucheza fainali na Simba mjini Dodoma, ikafungwa 2–1 baada ya muda wa nyongeza. Mwalimu wa Mbao alikuwa nani? Etienne Ndayiragije kutoka Burundi, mtu ambaye mwaka 2019 alikabidhiwa timu ya Taifa, Taifa Stars! Basi wanaosema kwamba dawa ni kocha bora, wajibu hili. Mwanza ilikuwa na kocha wa kiwango cha Taifa. Alipata kazi kwingine akaenda, kama afanyavyo mfanyakazi yeyote. Mwaka 2020 Mbao ikashuka. Alliance, yenye shule iliyolea vijana wengi, nayo ikashuka mwaka huo huo. Gwambina ya Misungwi ikapanda mwaka 2020, mwaka 2021 ikashuka. Kutoka hapo hadi 2024, mkoa mzima wa Mwanza, wenye watu na samaki na dhahabu na uwanja mkubwa, haukuwa na timu hata moja Ligi Kuu.

Je, timu zote hizi ziliangushwa na mabadiliko ya dakika ya 80? Makocha wote hao walikuwa wajinga? Haiwezekani! Kocha anaweza kuipandisha timu. Kuiweka hawezi. Timu huwekwa na watu walio nyuma yake: watu wanaobaki kocha akiondoka, wanaobaki mfadhili akichoka, wanaobaki uchaguzi ukipita na kiongozi aliyeipenda timu akahamishwa.

Wazee wa Usukuma wanalifahamu jambo hili kuliko sisi. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950 mkulima alifunga pamba yake, akaibeba hadi kwa mnunuzi, mizani ikamwibia. Jioni alikaa na wenzake wakamlaani mnunuzi. Laana zile zilikuwa za haki, lakini hazikuongeza ratili hata moja. Mambo yalibadilika siku wakulima walipoacha kumlaani mtu wa mizani wakaitaka mizani yenyewe. Wakatoa ada, wakaandikisha majina, wakachagua viongozi. Kijana Paul Bomani akazunguka vijijini akikusanya watu. Mwaka 1955 likasimama shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, VFCU. Kabla ya Uhuru wa 1961, wakulima walikuwa wanainunua pamba ya Kanda ya Ziwa kwa ushirika wao wenyewe. Na hayo yalifanyika wakati mkoloni amezuia TANU kufungua matawi Usukuma, tangu 1954 hadi 1958. Hawakuwa na redio wala magazeti ya kutosha. Walikuwa na kadi, ada na mkutano.

Timu yetu inaitwa Pamba. Jina hilo si pambo! Ni jina la zao lililowafundisha baba zetu kwamba mwenye kulalamika ni mteja, na mwenye kadi ni mwenye mali.

Najua jibu la wapinzani. Watasema ushirika nao ulioza. Ni kweli, wala sitaficha. Mwaka 1966 tume ya serikali ilichunguza vyama vya ushirika nchini ikakuta ubadhirifu na uongozi mbovu, tena ikakuta wanachama wengi hawaelewi chama chao kinavyoendeshwa. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vyote vya ushirika. Lakini funzo la habari hiyo ni lipi? Ushirika ulioza pale wanachama walipolala, viongozi wakabaki peke yao na vitabu vya hesabu. Kadi ikiwa sandukuni haimtishi mwizi. Kadi humtisha mwizi ikiwa mkononi mwa mtu aliyesimama mkutanoni na kusema, “Bwana Mwenyekiti, tusomee hesabu.”

Wengine watasema, “Sisi ni watu wa mpira, hayo ni mambo ya siasa.” Huo ni uvivu uliovaa jezi. Angalieni ngoma zetu. Bagika na Bagalu wameshindana Usukumani tangu zamani za mababu, na kila mwaka baada ya mavuno, katika Bulabo kule Bujora, watu hukusanyika kuona ni kundi gani litawavuta wengi. Hakuna kundi linalokuja na watazamaji watupu. Kila mtu wa ngoma ana kazi: huyu ngoma, huyu mavazi, huyu chakula, huyu kufundisha vijana. Wakishindwa, hawamtupii lawama mwimbaji mmoja na kurudi kulala. Huenda kujiandaa kwa mwaka ujao, kwa sababu aibu ni yao wote.

Na tusidanganyane kwamba watu wa Mwanza hawajui uanachama wa klabu. Wanaujua sana! Simba wana matawi hapa. Yanga wana matawi hapa. Wako vijana wa Nyamagana na Ilemela wanaolipia kadi za klabu zilizo Dar es Salaam, na wanaweza kukueleza kwa ufasaha kwamba serikali iliweka kanuni kuwa klabu ya wanachama ikiingia katika hisa, wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Wanaijua sheria ya nyumba ya jirani na nyumba yao hawajui hata mlango uko wapi. Timu hizo zikija Kirumba, nusu ya uwanja wa kwetu hushangilia mgeni. Kisha Jumatatu watu wale wale wanadai kwamba kocha wa Pamba hana mbinu! Sikatazi mtu kuipenda Simba au Yanga. Nasema mtu mwenye ada ya kupeleka pwani asikose ya kuacha nyumbani.

Huko ng'ambo nako jambo hili halikuja lenyewe. Ujerumani sheria ya ligi yao inataka wanachama washike zaidi ya nusu ya kura katika klabu, isipokuwa chache zilizosamehewa. Uingereza, klabu ya Wimbledon ilipokubaliwa mwaka 2002 kuhamishiwa mji mwingine, mashabiki hawakuishia kulia. Mwaka huo huo waliunda timu yao wenyewe, wakaanzia madaraja ya chini, na kufikia 2011 walikuwa wameingia katika ligi za kulipwa. Walikuwa watu kama sisi: madereva, walimu, wauza duka.

Basi tufanye nini? Naleta mambo matatu, na kila tawi liyajadili.

La kwanza. Timu iliporudi mwaka 2024 ilirudi chini ya Halmashauri ya Jiji. Halmashauri hula ushuru. Mama anayekaanga samaki, mpakiaji wa mizigo Mwaloni, mwenye kibanda Buzuruga, wote wanachangia. Kwa hiyo mwananchi anayo haki ya kumuuliza diwani wake, mbele ya watu na si pembeni: timu imepata kiasi gani, imetumia kiasi gani, kocha ana mkataba wa muda gani, na ukivunjwa nani analipa? Diwani anayeomba kura kwa kuvaa jezi ya Pamba ajibu kama mtu aliyevaa jezi ya Pamba.

La pili. Pawe na daftari la wanachama wa timu, lenye ada ndogo ambayo mvuvi na mkulima wanaweza kuilipa, na mkutano mmoja kila mwaka kabla ya msimu kuanza. Katika mkutano huo kocha aje aeleze anataka kucheza vipi, na viongozi waeleze wamempa nini cha kuchezea. Hapo ndipo pa kubishana juu ya mshambuliaji mmoja au wawili, kwa maana hapo maneno yana uzito.

La tatu. Wanachama wa Chama wawe wa mbele. Sisi tunajua kadi ni nini na mkutano ni nini. Uwanja wa Kirumba wenyewe una jina la Chama. Itakuwa aibu ikiwa wenye nyumba ya kuchezea mpira hawana habari na timu inayocheza ndani yake. Lakini twende kama watumishi. Tukienda kugombea vyeo, tutaiua timu kuliko kocha yeyote.

Kocha wa leo ataondoka, kama waliomtangulia. Atapewa mkono wa kwaheri, au atafukuzwa usiku, lakini ataondoka. Ziwa litabaki, Kirumba itabaki, na sisi tutabaki. Swali ni kama tutabaki wenye timu au wenye kelele.

Jumatatu ijayo, kijiweni, mtu akianza kumlaani kocha, mwenzake amuulize neno moja tu: “Kadi yako iko wapi?”

MWANZA NI YETU. TIMU IWE YETU. TUJIANDIKISHE!