Jina Lile Lile, Kifaa Kingine

Aprili 2020, watu waliokuwa wakihangaika na diski za WD Red hatimaye walijua kilichokuwa kikiwasumbua. Walikuwa wamenunua diski mpya kuchukua nafasi ya zilizokufa kwenye seva zao ndogo za nyumbani na ofisini, wakazipachika, na mfumo ukazikataa katikati ya kazi kana kwamba ni mbovu. Lebo ilikuwa nyekundu kama siku zote, jina lile lile, ukubwa ule ule. Ndani, Western Digital ilikuwa imebadilisha namna data inavyoandikwa kwenye diski za TB 2 hadi TB 6, na mnunuzi hakuambiwa. Habari hiyo ilifichuliwa na Blocks & Files, chombo cha Uingereza kinachoandika kuhusu teknolojia ya kuhifadhi data.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya SSD, diski za chipu zisizo na sahani inayozunguka. Crucial P2, WD Blue SN550, Samsung 970 EVO Plus na ADATA XPG SX8200 Pro zote zilionekana zikiuzwa zikiwa na vipuri tofauti na vile vilivyopimwa zilipotoka. Kila mara wateja wanapolalamika, hujitokeza wa kuwatetea watengenezaji, na hoja zao ni zile zile. Naona zinastahili kujibiwa moja baada ya nyingine, kwa sababu zinarudiwa hata na watu wenye ujuzi wa kutosha kuona kasoro zake.

Hoja inayotangulia karibu kila mara ni kwamba takwimu zilizoandikwa kwenye sanduku hazijabadilika, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Takwimu hizo ni zipi? Kwa SSD, sanduku huandika kasi ya "hadi" kiasi fulani. Kasi hiyo hupatikana kwenye kache, sehemu ndogo ya chipu inayopokea data kwa haraka kabla ya kuihamishia kwenye seli zake za kudumu. Kache ikijaa, kifaa huonyesha uwezo wake halisi, na uwezo huo hauandikwi popote kwenye sanduku. SN550 iliendelea kuahidi kusoma hadi MB 2,400 kwa sekunde, kabla na baada ya mabadiliko, na ahadi hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini wapimaji walipoijaza kache yake mwaka 2021, toleo jipya liliandika kwa takriban MB 390 kwa sekunde, mahali ambapo la zamani liliandika 610. Zaidi ya theluthi ya kasi imepotea, na hakuna hata herufi moja ya sanduku iliyogeuka kuwa uongo.

Crucial P2 ni kisa kibaya zaidi. Ilipotoka mwaka 2020 ilipimwa ikiwa na chipu za TLC, ambazo kila seli yake hubeba biti 3. Baadaye ikaanza kuuzwa na QLC, yenye biti 4 kwa kila seli. Kadiri biti zinavyobanwa ndani ya seli moja, ndivyo kuandika kunavyokuwa kwa taratibu na seli inavyochakaa mapema. Wapimaji wa tovuti ya Tom's Hardware walipoipima upya Agosti 2021, kasi ya kuandika mfululizo ilishuka kutoka takriban MB 450 kwa sekunde hadi kama 40. Hiyo ni kasi ya flashi ya zamani ya USB 2.0. Mtu aliyesoma tathmini ya mwanzo akaenda dukani kutafuta P2 alipewa P2, na alipewa kifaa ambacho tathmini ile haikukizungumzia hata kidogo. Kampuni ilivuna sifa za kifaa kimoja ikazitumia kuuza kingine.

Wengine husema mtumiaji wa kawaida hataona tofauti. Hapa nataka kukaa kidogo, maana hii ndiyo hoja inayowaumiza watu zaidi, na kisa cha WD Red kinaonyesha kwa nini.

Diski ngumu za kawaida, zile wataalamu wanazoziita CMR, huandika kila mstari wa data kando ya mwenzake. Katika SMR mistari hulazwa ikifunikana kidogo, kama makuti juu ya paa, ili mingi zaidi ienee kwenye sahani moja. Kusoma hakuna tatizo. Kubadilisha mstari uliokwisha kufunikwa ndiyo kazi, kwa kuwa iliyoulalia nayo lazima iandikwe upya. Diski hizi huficha udhaifu huo kwa kupokea data mahali pa muda, kisha kuipanga vizuri zikipata nafasi ya kupumua. Ukihifadhi picha za harusi jioni na kuiacha kompyuta ilale, kweli hutaona kitu. Kwa matumizi hayo SMR ni teknolojia halali kabisa na sina ugomvi nayo.

Lakini WD Red haikuuzwa kwa matumizi hayo. Iliuzwa kwa ajili ya NAS, yaani seva ndogo yenye diski kadhaa zinazolindana, hadi 8 kwa mujibu wa kampuni yenyewe. Maana ya kununua mfumo kama huo ni kwamba diski moja ikifa, unachomeka nyingine na mfumo unaijaza upya kutokana na zilizobaki. Kujaza huko ni kuandika mfululizo kwa saa nyingi bila kupumzika, na pumziko ndicho kitu ambacho SMR inakihitaji kuliko vyote. Wapimaji wa tovuti ya ServeTheHome walipoijaribu diski ya TB 4 ya SMR ndani ya ZFS, mfumo wa kupanga mafaili unaotumika kwenye NAS, kazi hiyo ilichukua zaidi ya siku 9. Diski za CMR walizozilinganisha nayo ziliimaliza kwa muda usiofika siku moja.

Fikiria maana ya siku hizo 9. Diski moja imeshakufa. Nyingine, mara nyingi zenye umri ule ule na zilizonunuliwa siku ile ile, zinasomwa usiku na mchana kuijaza mpya. Katika mfumo unaovumilia kifo cha diski moja tu, ikifa ya pili kabla kazi haijaisha, mafaili ya ofisi nzima yameondoka. Mteja alinunua usalama, na sehemu iliyobadilishwa kimyakimya ni ile ile inayomwokoa siku ya msiba. Kujibu kwamba katika siku nyingine 356 asingeona tofauti si jibu.

Western Digital ilijitetea kwamba diski hizi zimekusudiwa kazi nyepesi, TB 180 kwa mwaka. Gawanya: ni karibu nusu TB kwa siku. Kujaza upya diski ya TB 4 ni TB 4 mara moja, kazi ambayo NAS yoyote itaifanya siku diski yake ikifa. Haiwezekani ukauza diski ya NAS kisha ukahesabu kazi ya msingi ya NAS kuwa matumizi yaliyopita kiasi.

Kuna wanaosema mnunuzi angesoma namba ya modeli. Tuichukue kwa uzito. WD40EFRX ilikuwa CMR. WD40EFAX ikawa SMR. Herufi moja, R kuwa A. Basi mtu angeweza kujifunza kwamba EFAX ni SMR na kuiepuka? Hapana, kwa sababu WD80EFAX, ya TB 8, ilikuwa CMR. Herufi ile haikueleza kitu ambacho mnunuzi alihitaji kukijua, hata kama angeikariri. Na kwa upande wa P2, ukurasa wa bidhaa haukutaja kwamba TLC imetoka na QLC imeingia. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutosoma kisichoandikwa.

Wengine hutoa udhuru wa upungufu wa chipu wa 2020 na 2021. Ulikuwa wa kweli, na ulivikumba hata viwanda vya magari. Lakini hauelezi kisa cha Kingston V300, SSD iliyosifiwa ilipotoka mwaka 2013, kisha ikaendelea kuuzwa na chipu za kumbukumbu zenye kasi ndogo zaidi bila kubadili jina, miaka kadhaa kabla ya upungufu huo. Na hata pale upungufu ulipolazimisha kubadili chipu, haukulazimisha kunyamaza.

Hoja nzito zaidi ya watetezi ni kwamba mara nyingine mabadiliko huleta kifaa bora. Hilo nakubali, na mfano wake ni Samsung. Mwaka 2021 970 EVO Plus ilipata kidhibiti kipya, yaani chipu inayoiendesha, kiitwacho Elpis, kile kile cha 980 Pro iliyo ghali zaidi. Kache ya modeli ya TB 1 ilikua kutoka GB 42 hadi GB 115, ingawa ikishajaa kasi hushuka hadi kama MB 800 kwa sekunde badala ya 1,500. Kwa anayenakili mafaili ya kawaida ni faida. Kwa mhariri wa video anayehamisha mamia ya GB kwa mkupuo ni hasara. Samsung ilibadilisha sanduku, namba ya kipuri na karatasi ya vipimo. Bado ningependa wangebadilisha na jina, lakini aliyetaka kujua aliweza kujua, akachagua kulingana na kazi yake. Hata mabadiliko mema yanahitaji kutangazwa, maana wema wake unategemea nani anakitumia kifaa na kwa kazi gani.

Asiyeridhika si arudishe? Arudishe wapi? Muuzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli Avenue, Nairobi, amepokea mzigo uliopita mikononi mwa wasambazaji kadhaa. Masanduku yanafanana, naye hana namna ya kuona kilichomo ndani. Mteja anagundua baada ya miezi, data yake ikiwa imeshalala humo. Wamarekani walikuwa na njia ya mahakama: kesi ya pamoja dhidi ya Western Digital iliishia kwa suluhu ya dola milioni 2.7, ikigawanywa kwa wanunuzi wa Marekani pekee. Wanunuzi wa huku hawakuwamo. Wakenya wana Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayompa mtumiaji haki ya taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa, na ningefurahi kuona siku moja ikitumika kwenye jambo kama hili.

La mwisho ni kwamba kampuni zimeshajirekebisha. Ni kweli kwamba katikati ya 2020 Western Digital iliigawa familia ile: Red ikabaki ya SMR, na CMR zikapewa jina la Red Plus. Hatua nzuri, na ushahidi kwamba kubandika jina jingine kulikuwa kunawezekana tangu siku ya kwanza. Baada ya kisa cha SN550 iliahidi tena, Agosti 2021, kwamba SSD yake ya ndani ikibadilishwa itapewa namba mpya ya modeli, iwapo mabadiliko yanagusa vipimo vilivyochapishwa. Soma sharti hilo upya. Kushuka kutoka 610 hadi 390 hakukugusa kipimo chochote kilichochapishwa, kwa sababu kasi ya baada ya kache kujaa haijawahi kuchapishwa. Ahadi iliyotokana na SN550 isingemlinda mnunuzi wa SN550. Kampuni zichapishe kasi hiyo, na aina ya seli, na kwa diski ngumu kama ni CMR au SMR, juu ya sanduku lenyewe, ndipo ahadi ya namba mpya itakapokuwa na kitu cha kushika.