Mto safi usiwe kisingizio cha kumfukuza mpangaji

MVUA kubwa inaponyesha jijini Nairobi, familia za Eastlands ndizo hukesha. Katika Mowlem, mojawapo ya wadi nne za Embakasi Magharibi, na katika mtaa jirani wa Dandora, nyumba zimesongamana, miti ni ya kuhesabika na mitaro huzibwa na taka.

Ndiyo maana mpango wa kufufua Mto Nairobi, uliozinduliwa na Rais William Ruto Machi 2025 kwa makadirio ya Sh50 bilioni, haufai kupuuzwa. Kingo zilizopandwa nyasi, mianzi na miti hupunguza kasi ya maji, hushikilia udongo na kuupa mto nafasi ya kupanuka bila kuingia chumbani mwa mtu.

Lakini nafasi hiyo inatoka kwa nani?

Mwaka 2024 tulipata jibu. Baada ya mafuriko yaliyoua karibu watu 300 kote nchini, serikali iliamuru waishio kandokando ya mito wahame, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Rais alipozuru Mathare Mei mwaka huo, aliahidi kila familia iliyoathirika Sh10,000. Anayeanza upya hutakiwa kulipa kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana ya nyumba, asafirishe vyombo vyake na kuwatafutia watoto shule. Fedha hizo zingemfikisha wapi?

Hata kipimo chenyewe chahitaji uangalifu. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinataja kati ya mita sita na 30 kutoka ukingoni, kutegemea kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichowahi kunakiliwa. Maana yake ni kwamba mpaka wa mto hupimwa mahali kwa mahali. Haukisiwi kutoka ofisini.

Hatuwezi kudai kwamba matajiri hawajawahi kuguswa. Agosti 2018 jumba la Ukay Centre, Westlands, lilibomolewa kwa sababu hiyo hiyo ya kujengwa juu ya njia ya maji. Tofauti ni kwamba mwenye jumba ana hati, wakili na akaunti ya benki. Mpangaji wa chumba kimoja ana risiti ya kodi, tena kama mwenye nyumba alikubali kumwandikia.

Hapa ndipo kiini cha suala. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, takriban familia tisa kati ya kumi jijini Nairobi huishi katika nyumba za kukodi. Fidia ikifuata hati ya ardhi pekee, wengi wanaoondolewa hawatakuwamo kwenye orodha. Na bustani ikishakamilika, kodi ya nyumba zinazoikabili yaweza kupanda, hivyo hata aliyesazwa na tingatinga akahamishwa na bei.

Wapo pia wanaookota na kuuza taka katika jaa la Dandora, lililo ukingoni mwa mto huo. Mto hauwezi kuwa safi jaa likiachwa lilivyo, wala jaa haliwezi kufungwa kana kwamba hakuna anayelitegemea kwa chakula.

Nairobi haikosi mfano wa kuiga. Kaunti ilipotangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalum mwaka 2017, wakazi, wapangaji wakiwamo, walipangwa katika vikundi vya nyumba kumi kumi, wakachagua wawakilishi na kujadili barabara, maji na makao. Kazi hiyo ilichosha na kuchukua muda, na haikuzuia kila ubomoaji uliofuata. Hata hivyo, ilionyesha kwamba wapangaji wanaweza kushauriwa.

Utunzaji nao una somo lake. Bustani ya Michuki, karibu na mzunguko wa Globe, ilitokana na juhudi za waziri wa mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki. Alipofariki mwaka 2012 ilididimia, hadi ilipofufuliwa mwaka 2020. Kule Korogocho, vijana wa Komb Green waligeuza ukingo uliojaa taka kuwa bustani wanayoitunza wao wenyewe. Vijana walioajiriwa kusafisha mito chini ya mpango wa Climate WorX, ulioanza Oktoba 2024, wanafaa kukabidhiwa kazi ya kudumu ya aina hiyo.

Kabla ya mche mwingine kupandwa, orodha ya wapangaji ibandikwe katika ofisi ya chifu, jina kwa jina, na kila mmoja apewe muda wa kulalamika akikosa jina lake.