Baada ya kurekebisha pua, usimfiche anayekuuguza

Upasuaji wa kubadili umbo la pua huchukua saa chache. Kupona kabisa huchukua mwaka. Wengi huuliza gharama na jina la daktari, lakini hawaulizi mwaka huo utakuwaje. Matokeo yake, mgonjwa huogopa mambo ya kawaida na kuyanyamazia yale ya hatari.

Tuanze na ya kawaida. Ukizinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi utakuta banzi dogo gumu limebandikwa juu ya pua. Utapumua kwa mdomo, na makamasi yenye damu yatachuruzika kidogo kwa siku moja au mbili. Uso utavimba na damu itavia chini ya macho. Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, ndipo huanza kupungua. Kwa hiyo ukijiona siku ya tatu una hali mbaya kuliko ya kwanza, usidhani umeharibiwa.

Banzi hutolewa na daktari baada ya wiki moja hivi. Siku hiyo wengi huvunjika moyo, kwa sababu pua wanayoiona imetuna na ncha yake ina ganzi. Hiyo siyo pua utakayobaki nayo. Weusi wa chini ya macho huisha ndani ya wiki mbili hivi, na sehemu kubwa ya uvimbe hupungua ndani ya miezi michache. Ncha ndiyo huchelewa, mwaka mmoja au zaidi, hasa kwa wenye ngozi nene ya pua, jambo la kawaida kwa Waafrika wengi. Ndiyo maana madaktari makini hawapendi kurudia upasuaji wa umbo kabla ya miezi 12. Badala ya kujitazama kwenye kioo kila saa, piga picha moja kila mwezi.

Nyumbani, lala chali, kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito miwili au mitatu. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe mashavuni, isiwekwe juu ya pua. Usipenge kamasi kwa wiki mbili za kwanza au hadi daktari akuruhusu. Ukishikwa na chafya, fungua mdomo. Vaa nguo za vifungo mbele. Usiinamie ndoo wala kubeba mizigo. Kwa Mwislamu, kusujudu nako ni kuinama. Dini inamruhusu mgonjwa kuswali ameketi, basi itumie ruhusa hiyo. Miwani isikalie pua kwa wiki nne hadi sita, na mpira usubiri ruhusa ya daktari. Acha sigara na shisha, kwani huchelewesha kidonda kupona. Kwa maumivu, parasetamo hutosha mara nyingi. Usimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni kwa uamuzi wako, maana zinaweza kuongeza utokaji wa damu.

Kwa mama, shangazi na bibi wanaouguza: msimkande kwa maji ya moto, msimfukize, wala msiivute pua "ikae vizuri". Joto huongeza uvimbe, na mifupa bado haijashikana.

Sasa ya hatari. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona moja kati ya haya:

- Damu nyekundu inatiririka bila kukoma.
- Homa inafika nyuzi 38 au zaidi, au kunatoka usaha wenye harufu mbaya.
- Maumivu na uvimbe vinaongezeka baada ya kuwa vimepungua.
- Pua imeziba ghafla na inauma sana. Huenda damu imejikusanya kwenye ukuta wa katikati ya pua. Isipotolewa mapema, gegedu hufa ndani ya siku chache na pua inaweza kubonyea.
- Maji maangavu yanadondoka puani, na kichwa kinauma sana.
- Macho hayaoni vizuri, unapumua kwa shida, au mguu mmoja umevimba na unauma.

Kinachotusumbua zaidi ni siri. Wapo wanaofanya upasuaji huu kimyakimya, hapa nchini au nje, huku ndugu wakiambiwa ni safari ya kikazi. Dalili mbaya ikitokea, hawana wa kumwamsha usiku, na hospitali ya jirani wanaiogopa wasije wakachekwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Si lazima mtaa mzima ujue, lakini mtu mmoja nyumbani ajue ulichofanyiwa na awe na namba ya daktari wako. Ukifanyiwa nje ya nchi, usipande ndege kabla banzi halijatolewa na daktari hajakuruhusu. Rudi na taarifa ya maandishi, na uwe umeshamtafuta hapa daktari wa masikio, pua na koo atakayekuangalia. Nanyi wahudumu wa afya, mgonjwa akija na pua iliyofanyiwa upasuaji, mtibuni kwanza. Maoni yenu juu ya urembo hayamsaidii.

Kwa wazazi, pua ya msichana hukua hadi miaka 15 au 16, ya mvulana hadi 17 au 18. Kabla ya hapo, kama hakuna ajali wala tatizo la kupumua, subirini. Mwulizeni mtoto kama hamu hiyo ni yake au inatokana na maneno ya wenzake shuleni. Na akishafanyiwa, mwangalieni na moyo pia. Huzuni ya siku chache za mwanzo ni ya kawaida, lakini akijifungia chumbani na kukataa kula wiki hadi wiki, mpelekeni kwa mtaalamu. Hilo nalo ni sehemu ya kuuguza.