Kifaru Haketi Mezani na Tajiri

Ndugu Wafanyakazi,

Siku tulipohesabu kura za tawi letu, msimamizi wa kura alifungua karatasi moja akanyamaza. Akafungua ya pili, akacheka. Mwisho zilikuwa karatasi 14, na katika kila moja majina ya wagombea wote yamekatwa kwa kalamu, na chini pameandikwa neno moja tu: PUNDA. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Hata mimi nilicheka, sifichi.

Lakini hesabu ilipokwisha, kicheko nacho kilikwisha. Katibu yule yule ambaye watu walimnung'unikia mwaka mzima, ya kwamba hajibu barua wala haonekani mtu akifukuzwa kazi, alirudi katika kiti chake kwa kura 9 tu zaidi ya mwenziwe. Kura za punda 14, tofauti 9. Kila mtu na afanye hesabu mwenyewe. Punda hakupata kiti. Aliyekipata ni katibu, na waliompa ni wale wale waliotaka kumdhihaki.

Tangu siku hiyo nasikia maneno ya namna mbili. Katika kantini na kwenye kituo cha basi ndugu wengine wanajisifu, wanasema safari ijayo punda atapata kura mia, na ya kuwa hata Ulaya na Amerika kuna vyama vizima vya mzaha. Na katika halmashauri ya tawi wako wanaosema ada ya mgombea ipandishwe kutoka shilingi 500 hadi 5,000, ati kuwazuia wapuuzi. Mimi napinga maneno yote mawili. Na kwa kuwa wenzetu wameleta habari za ng'ambo, basi na tuzifuate habari hizo mpaka mwisho wake, tusiishie pale panapochekesha.

Tuanze na mnyama. Mwaka 1959, katika mji wa São Paulo, nchi ya Brazil, kulikuwa na uchaguzi wa Baraza la Mji. Watu walikuwa wamechoka. Bei ya chakula ilipanda, mitaro ya maji machafu ilikuwa mibovu, na harufu ya rushwa ilitoka barazani. Katika bustani ya wanyama palikuwa na kifaru jike, jina lake Cacareco. Watu wakachapisha karatasi zenye jina lake, wakazitia sandukuni. Kura zilipohesabiwa, kifaru alikuwa na kura kama 100,000, akawapita wagombea wote. Magazeti ya nchi nyingi yaliandika habari hiyo, na dunia ikacheka.

Kisha ikawaje? Kura zote za kifaru zilifutwa kuwa zimeharibika. Viti vikagawiwa wanadamu, wa vyama vile vile. Watu 100,000 walitoka nyumbani kwao, wakapanga mstari, wakapiga kura, na viti vikagawanywa kama kwamba wote hao walikuwa wamelala. Kifaru hakuzibua mtaro hata mmoja.

Hapa najua viongozi wengine wameanza kufurahi wakisoma. Wasifurahi upesi. Nina neno nao pia.

Watu 100,000 hawaamki siku moja wakawa wendawazimu. Kura ile ilikuwa barua, na kila aliyeketi barazani alikuwa ameandikiwa. Mwenye akili huuliza, "Nimefanya nini hata watu wakaona mnyama ni afadhali kuliko mimi?" Asiye na akili huuliza, "Ni nani aliyeandika? Tumtafute." Katika tawi letu nimesikia swali la pili mara nyingi, na la kwanza sijalisikia hata mara moja.

Tena si kweli kwamba mzaha hauna kazi kabisa. Mwaka 1963 huko Uingereza, mwimbaji mmoja kijana jina lake David Sutch, aliyejiita Screaming Lord Sutch, aligombea kiti cha Bunge kwa jina la Chama cha Taifa cha Vijana. Wazee walimcheka kwa nywele zake ndefu na mavazi yake. Lakini katika upuuzi wake alitia dai moja la kweli, kwamba vijana wa miaka 18 wapewe kura, maana wakati ule mtu alingoja mpaka miaka 21. Kijana wa miaka 18 alikuwa akifanya kazi na kukatwa kodi, lakini kura hana. Sutch alishindwa vibaya. Hata hivyo dai lenyewe lilikuwa na watu wengi nyuma yake, na mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kura kwa miaka 18.

Baadaye, katika miaka ya 1980, Sutch huyo alianzisha chama cha mzaha kilichoitwa Official Monster Raving Loony Party, maana yake kama Chama Rasmi cha Wendawazimu Wanaobweka. Mwezi wa Mei 1990, katika uchaguzi mdogo wa Bootle, alipata kura 418. Chama cha SDP, chake Dr. David Owen, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, kilipata kura 155. Siku chache baadaye SDP kilijivunja. Mcheshi hakukiua chama hicho. Kilikuwa kimekwisha kufa, na yeye alitangaza msiba tu. Mzaha ni tarumbeta, nakubali. Lakini tarumbeta haijengi nyumba.

Wengine watasema, "Hao walishindwa. Je, mzaha ukishinda?" Naam, umepata kushinda, na tuone.

Nchini Poland mchekeshaji Janusz Rewiński na wenziwe walianzisha Chama cha Wapenda Bia mwaka 1990. Walisema taifa litakuwa na amani likinywa bia kwa utaratibu badala ya pombe kali. Mwaka 1991 chama hicho kilipata viti 16 Bungeni. Viti 16 si mchezo! Lakini wabunge hao waligawanyika, hawa wakaitwa Bia Kubwa na wale Bia Ndogo. Wa Bia Kubwa wakabadili jina, wakajiita Mpango wa Uchumi wa Poland, wakawa wanasiasa kama wengine na wafanya biashara wakiwa kati yao. Mtu aliyepiga kura kwa kucheka alijikuta amewapa viti watu ambao hakuwauliza wanataka nini. Kiti hakikai kitupu, ndugu zangu. Ukikichezea, mwingine atakikalia kwa dhati.

Nchini Denmark alikuwako mchekeshaji Jacob Haugaard, ambaye chama chake kilikuwa cha watu wanaokimbia kazi kwa makusudi. Aliahidi upepo wa kumsukuma kila mpanda baiskeli kutoka nyuma. Sisi wa vyama vya wafanyakazi yatupasa kusikiliza zaidi hapa, maana aliudhihaki hata wimbo wetu wa zamani wa saa 8 za kazi, saa 8 za mapumziko na saa 8 za usingizi, akaondoa kazi, zikabaki mapumziko na usingizi. Mwaka 1994 watu zaidi ya 23,000 wa mji wa Aarhus walimpeleka Bungeni. Simsingizii, alikuwa mtu mwema. Fedha alizopewa na Serikali kwa ajili ya chama alizitumia kuwanunulia wapiga kura bia na soseji, kama alivyowaahidi. Lakini saa 8 zenyewe hazikuletwa na mchekeshaji. Zililetwa na watu waliogoma, waliofukuzwa, na wengine waliouawa, kama huko Chicago mwaka 1886. Soseji huliwa siku moja.

Sasa mji wa Reykjavik, nchi ya Iceland. Mabenki yalianguka mwaka 2008, watu wakapoteza akiba. Mchekeshaji Jón Gnarr akaanzisha Chama Bora, akaahidi taulo za bure katika mabwawa ya kuogelea na dubu mweupe kwa bustani ya wanyama. Akasema wazi kwamba hatatimiza ahadi zake. Mwaka 2010 chama chake kilipata viti 6 katika 15, kuliko vyama vingine vyote, naye akawa Meya mpaka 2014. Je, alikuta nini mezani? Alikuta kampuni ya mji ya umeme na maji ya moto imezama katika madeni. Madeni hayo hakuyafanya yeye, na wengi wanasema alifanya kazi kwa uaminifu. Lakini deni halijui mzaha. Bei ya umeme na maji moto ikapandishwa, na wafanyakazi wa kampuni hiyo wakaachishwa kazi. Namuuliza yule aliyeandika PUNDA: wafanyakazi wale walioachishwa kazi, je, walitetewa na taulo? Mtu akipewa barua ya kuachishwa kazi anahitaji chama chenye wakili, chenye fedha, na chenye katibu anayejua sheria.

Hadithi ya mwisho ndiyo ninayotaka halmashauri yetu isome mara mbili kabla haijapandisha ada.

Nchini Canada, mwaka 1963, daktari mmoja mwandishi wa vitabu, Jacques Ferron, alianzisha Chama cha Kifaru, akifuata mfano wa yule kifaru wa São Paulo. Kiongozi wa chama alitangazwa kuwa kifaru wa bustani ya wanyama, Cornelius wa Kwanza. Ahadi yao kubwa ilikuwa kutotimiza ahadi yo yote. Mwaka 1980 walipata kura zaidi ya 100,000 katika nchi nzima, wala hawakupata kiti hata kimoja.

Mwaka 1993 ikaja sheria ngumu. Chama lazima kiwe na wagombea wasiopungua 50, na kila mgombea aweke amana ya dola 1,000. Asiyeweza, chama chake kifutwe. Chama cha Kifaru kilikataa kushiriki, kikafutwa. Wengi walicheka, wakasema wapuuzi wamepatikana. Lakini wavu uliotegwa haukunasa wapuuzi peke yao. Chama cha Kikomunisti cha Canada, ambacho kilikuwako tangu 1921 na hakikuwa cha mzaha hata kidogo, hakikuweza kufikisha wagombea 50. Nacho kikafutwa, na mali yake ikachukuliwa. Waweza usiipende siasa yao, hiyo ni shauri yako. Lakini tazama mambo yalivyokwenda. Sheria inayomzuia mcheshi kwa fedha humzuia kila asiye na fedha.

Waliofutwa hao hawakuandika neno la kuchekesha juu ya karatasi. Kiongozi wao, Miguel Figueroa, alikwenda mahakamani. Kesi ilipanda kutoka mahakama hii mpaka ile, kwa miaka mingi, na mwaka 2003 Mahakama Kuu Kabisa ya Canada ikaamua kwamba sharti la wagombea 50 ni kinyume cha haki za raia. Chama kidogo, kisicho na mbunge, kiliivunja sheria iliyotungwa na wakubwa. Na miaka mitatu baadaye, 2006, Chama cha Kifaru kilifufuka. Ni nani aliyemfungulia kifaru mlango? Ni watu waliofanya kazi isiyochekesha, ya kuandika barua, kuchanga fedha, kulipa wakili na kungoja bila kuchoka.

Basi nasema na pande zote mbili.

Kwa halmashauri: ada ya shilingi 5,000 haitamzuia punda, kwa sababu punda halipi ada. Huandikwa kwa kalamu ya bure. Itamzuia mfagiaji, mpishi na kibarua wa zamu ya usiku, ambao wangeweza kusimama na kuwashinda. Kama mnataka punda asionekane tena katika sanduku, jibuni barua. Someni hesabu za fedha mbele ya mkutano. Mtu akifukuzwa, mwende naye ofisini kwa tajiri siku hiyo hiyo, si baada ya mwezi. Wala msiwatafute wale 14. Kura ni siri, na atakayeanza kulinganisha mwandiko nitamtaja katika gazeti hili hili.

Kwa ndugu zangu 14: hasira yenu ni ya haki, mahali mlipoitia ndipo pabaya. Mlikuwa na nguvu ya kumwondoa katibu siku ile. Mlikuwa nayo mikononi, nanyi mkampa punda. Kama hakuna mgombea mnayempenda, mpendekezeni mmoja wenu, mtu na jina lake. Kama mnaona katibu hafanyi kazi, katiba ya tawi letu inawapa wanachama ruhusa ya kutia sahihi na kuitisha mkutano maalum. Sahihi 30 zatosha. Mmekwisha kuwa 14, na kabla ya zamu ya jioni mwaweza kuwa 30.

Mkataba wetu wa mishahara unakwisha mwaka huu. Tajiri ataleta mawakili wake na vitabu vyake vya hesabu, na kila mmoja wao amelipwa. Upande wetu wa meza kutakuwa na viti vitano. Cheka utakavyo, ndugu yangu, katika kantini, na katika basi, na hata katika mkutano, maana kicheko cha mfanyakazi humkosesha tajiri usingizi. Lakini utakapopewa karatasi ya kura, andika jina la mtu anayeweza kuketi katika kiti kile na kusema, "Hapana, Bwana, hiyo haitoshi."

Mkutano wa tawi ni Jumapili. Orodha ya sahihi itakuwa mlangoni, na ya kwanza ni yangu.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwanachama wa Tawi