Betri ya pili si kuunga waya tu

Mwandishi, umeeleza vizuri habari ya betri ya pili ya gari, ila umelipita jambo lenyewe. Kwa gari la hema juu ya paa linalotoka Kigali kwenda kulala hifadhi ya Akagera, kuunganisha betri mpya sambamba na kuukuu ni kutupa hela: ile chakavu huinyonya mpya mpaka zote zinalegea. Betri ya asidi ya Ah 100 nayo usiihesabu 100. Ukiishusha chini ya nusu kila mara, haidumu. Litiamu inavumilia zaidi, lakini usiiunge moja kwa moja na altaneta, weka chaja katikati. Na fyuzi jamani! Ikae karibu na betri, siyo kule kwenye friji ya gari. Mkienda Gatsata, hapo Kigali, kutafuta waya, chukueni mnene, hata fundi akiguna.