Chumba cha Salme, na wale wasio na chumba



Wiki iliyopita, tulipokuwa tunapanga viti kwa masomo ya kusoma na kuandika, mmoja wetu alitoa picha ya zamani katika mfuko wake: sisi saba, kitenge cha namna moja, tumesimama mbele ya nyumba kubwa nyeupe kando ya bahari. Wale walioingia katika chama nyuma yetu wakauliza, hapo ni wapi? Basi tuwaelezee.

Ilikuwa mwaka 2019. Tulikwenda Dar es Salaam kununua vitenge na nguo za watoto. Njia mnaijua: mpaka, Ndola, Kapiri Mposhi, halafu treni ya TAZARA, kilometa 1,860 mpaka kufika pwani. Mzigo ukachelewa siku tatu. Tukasema, kuliko kukaa bure na kula feza ya biashara, tuvuke kidogo mpaka Unguja. Boti inakwenda saa mbili hivi. Wawili kati yetu walitapika njia yote, majina tunayaacha.

Nyumba yenyewe inaitwa Beit al-Sahel, maana yake Nyumba ya Pwani. Ndimo walimokaa masultani wa Zanzibar. Ile ya kwanza ilibomolewa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambayo haikumaliza hata saa moja, ikabidi kujenga tena. Kisha mapinduzi ya 1964 wakaiita Jumba la Watu, na tangu 1994 ikawa makumbusho.

Ndani kuko meza ndefu, vitanda virefu vya kupandia kwa ngazi, sura za masultani ukutani, na viti vya mti mweusi vilivyopambwa kwa meno ya tembo. Tulitembea polepole, mikono nyuma, kama watoto walioambiwa wasiguse. Orofa ya juu tukacheka: katika vitu vya Sultani Khalifa, aliyetawala tangu 1911 mpaka 1960, kuko kabati ya formika, sawa na ile ya kambo pale nyumbani! Na feza yake yote, naye alipenda formika.

Lakini chumba kilichotusimamisha ni cha binti mmoja, Salme. Alizaliwa 1844, mtoto wa Sultani Said. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, msichana wa mbali kabisa upande wa Bahari Nyeusi, aliyenyakuliwa katika vita akiwa mtoto, akauzwa mpaka akafika katika nyumba ya sultani. Wanawake wengi wa nyumba ile walikuja hivyo. Kila mmoja na lugha yake, chakula chake, namna yake ya kuvaa, na watoto wakakua katikati ya hayo yote. Sultani alipokufa 1856, aliacha watoto 36.

Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Korani, lakini kuandika, hapana. Salme akajifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, akafungua Korani, akawa anaiga herufi moja moja juu ya mfupa. Sisi walimu tunaolia kila mwaka juu ya ubao na chaki, tulinyamaza hapo.

Na kujua kuandika kulimtia katika matata. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumwondoa kaka yao Majid katika kiti, wakaasi walihitaji mtu wa kuwaandikia barua. Salme hakuwa hata na miaka 16, naye ndiye alikuwa mwandishi wao. Uasi ukashindwa. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, alitoroka kwa meli ya Waingereza. Walifunga ndoa Aden, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 tramu ikamwua mumewe, akabaki mjane na watoto watatu katika nchi ya baridi. Mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake. Juu ya kitabu hicho tunajua leo mambo ya ndani ya nyumba zile: nani alipika, nani aligombana, mama alimlaza mtoto namna gani. Masultani wenyewe hawakutuandikia hayo.

Tulikuwa tumeanza kumpenda kabisa. Halafu yaya mmoja, muuza makala, mkubwa kati yetu, akarudi nyuma mpaka kwenye vile viti, akamwuliza kiongozi kwa Kiswahili chetu cha huku: «Na bale bantu benye kubebaka hii meno ya tembo, chumba yabo iko wapi?»

Kiongozi alielewa vizuri. Hakutupa maneno ya kutufurahisha. Alituelekeza upande wa Mkunazini, kwenye kanisa kubwa la Waanglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa, lile lililofungwa 1873. Akatuambia tupite pia Shangani, kwenye nyumba ya Tippu Tip. Jina hilo upande wetu si geni: mwaka 1867 alimpiga Nsama katika nchi ya Watabwa, kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika, akaondoka na pembe nyingi sana. Na misafara ya M'siri wa Bunkeya ilipeleka pembe na watu mpaka pwani.

Tukakumbuka pia kwamba Salme, katika kitabu chake, aliutetea utumwa. Mtoto wa mama aliyeuzwa! Tulibishana juu ya hilo katika boti ya kurudi, wengine wakisema aliandika alichozoea, wengine wakisema mtu mwenye akili ya kujifundisha kwenye mfupa angeweza kuona. Mpaka leo hatujakubaliana.

Mlangoni kulikuwa kitabu cha wageni. Sita tukaandika. Yaya yule akatazama kalamu, akasema sisi tumwandikie. Tukaandika jina lake, naye akaligusa kwa kidole, akauliza: «Ni hii?»

Mwenye kutaka kwenda aulize kwanza kama jumba liko wazi, maana Beit al-Ajaib, jirani yake, ilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakafa.

Masomo yanaanza Jumatano saa tisa, wakati soko linapopungua. Leteni kaye na bik; asiye navyo aje hivyohivyo. Yaya wa makala atakuwa pale kwenye benchi la mbele. Sasa anaandika jina lake, na majina ya wajukuu wake wote, isipokuwa mmoja ambaye wazazi walimpa jina la Kifaransa refu mno.