Lengo liwe kazi, si tarehe

Mwandishi anayewashauri wanaoanza kuandika programu wajiwekee lengo la kuimaliza lugha ya Python kwa miezi mitatu anawapotosha. Lugha ya kompyuta haimalizwi, hutumiwa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi jijini Helsinki, alitaka programu ya kumuunganisha na kompyuta za chuo chake. Haja hiyo ndogo ikakua hadi ikazaa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta.

Basi chagua kazi inayoonekana: programu ya kutunza hesabu za kikoba, ijumlishe hisa za kila mwanachama na ioneshe nani anadaiwa. Utajifunza kuhifadhi faili na kurudia hesabu kwa kila jina kwa sababu unavihitaji. Jumla ikikosewa, wanachama watakwambia siku hiyohiyo. Kalenda haisahihishi hesabu ya mtu.